Binti Yangu Aliniua Apate Chuo Amerika

Mpendwa Mama Nanyama,

Naomba msaada wako kwenye safu yako ya gazeti, na naomba uniharakishie, kwa sababu mwezi wa nane wageni wanakuja kutoka Amerika kuzindua kisima cha kunikumbuka na mimi niko hai, nakamua ng'ombe asubuhi na jioni, naimba besi kanisani, na sijalala hospitali tangu nizaliwe.

Mimi ni mkulima hapa Subukia, nina mahindi na ng'ombe wa maziwa, na mtoto wangu wa kwanza ni msichana anayeitwa Natalie Wariara. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya babake, kwa hivyo tangu azaliwe mimi humwita Maitu, yaani mama yangu, na hata alipokuwa mdogo akikosa nilishindwa kumchapa, kwani utamchapaje mama yako, na majirani walinicheka wakisema huyu atakukalia kichwani, lakini nilimpenda hivyo na bado nampenda, na ndiyo sababu jambo hili limenikwama kooni, silimezi wala silitemi.

Wariara alisoma vizuri, akapata B plus kidato cha nne, akasema anataka chuo cha Amerika, nikampeleka Nakuru mjini kwa jamaa mmoja anayeitwa Travis ambaye kazi yake ni kuandaa watoto wanaotuma maombi huko. Siku hiyo tulienda na Kipkoech, mtoto wa jirani yetu, wamesoma pamoja tangu nasari, na Kipkoech alikuwa amempita, yeye alikuwa na A minus. Huyo Travis aliwaeleza kwamba vyuo vingi vya kule viliacha kulazimisha mtihani wao wa SAT wakati wa korona na vingine sasa vimeurudisha, na kwamba mahakama yao ya juu imekataza vyuo kuangalia rangi ya ngozi wakati wa kuchagua wanafunzi lakini imeacha mlango mmoja wazi, mtoto anaweza kueleza kwa insha maisha yamempitisha wapi, kwa hivyo siku hizi vita yote iko kwa insha. Niliyasikia mwenyewe kwa sababu nilikuwa nimekaa hapo nikingoja, na sikuona ubaya, nilidhani wanataka mtoto aeleze vile alikuwa akiamka gizani kukamua kabla ya kwenda shule.

Hapa lazima nikwambie habari ya Kibii, babake Kipkoech. Kibii alikuwa fundi wa kuchimba visima, na nilimwita anichimbie kimoja nyuma ya boma langu, na alipokuwa amefika chini sana, mvua ikiwa imenyesha, udongo uliporomoka ukamfunika, tukamtoa wenyewe kwa majembe na kwa mikono, na tulipomfikia alikuwa ameshakata roho. Watoto wetu walikuwa bado wadogo wa nasari. Kisima tulikifukia, nikapanda nepia, majani ya ng'ombe, hapo juu, na tangu wakati huo sisi wote wa upande huu tunateka maji mtoni.

Sasa mwezi uliopita Wariara, ambaye yuko mwaka wa pili huko Amerika, alinipigia simu akaniomba niwaambie vijana wa kanisa watoe picha yangu kwa Facebook ya kanisa, ile ninacheza siku ya mavuno nikiwa nimebeba malenge kichwani, nikamuuliza kwani picha imekosa nini, akasema, "Dad, please, watoe tu. Nitakuexplainia." Nikawaambia wakatoa. Siku chache baadaye nilikuwa nakata nepia, hapo hapo pa kisima, nikamwona Kipkoech akija, yeye anasoma chuo cha hapa kwetu lakini wahadhiri walikuwa wamegoma, yuko nyumbani. Hakunisalimia vizuri kama siku zote. Alinipa simu yake tu.

Ilikuwa video ya chuo cha Wariara. Binti yangu amesimama mbele ya watu waliovaa vizuri, analia, anasema babake, Naftaly Kihara, yaani mimi, alikufa akichimba kisima ili watoto wa kijiji wapate maji, na kwamba yeye ndiye alikuwa amempelekea uji siku hiyo, akasimama juu ya shimo akamwita, "Baba! Baba!" na baba hakuitika. Watu walisimama wakampigia makofi, Mama Nanyama, na mama mmoja mzungu akapanguza machozi. Kipkoech akaniambia polepole, "Mzee, aliyepeleka uji ni mimi. Ni mimi niliita." Kisha akachukua simu yake akaenda.

Nilimpigia Wariara nikaanza kumfokea, naye akalia, akaniambia kwamba Travis alikuwa amemsukuma Kipkoech aandike hicho kifo kwa insha yake na Kipkoech akakataa, alisema mamake amemkataza kupeleka kifo cha baba sokoni, akaandika habari ya ndama aliyezaliwa vibaya, na Travis akamgeukia Wariara akamwambia kuna story nzuri hapa inaozea bure. Kipkoech alituma maombi kwa chuo kile kile na hakuchukuliwa. Nikamuuliza, "Maitu, ulikosa mtu mwingine wa kuua?" Akaniambia, "Dad, huelewi hii place. Bila trauma mimi ni B plus tu kutoka mahali hawajui. Hawaruhusiwi kuangalia rangi, so wanaangalia maumivu. Na mimi sikuwa nayo, Dad. Nyinyi mlinilea poa." Hilo neno la mwisho sijui kama alinishukuru ama alinilaumu.

Kumbe chuo chenyewe ni kidogo na wanafunzi wamepungua, na vyuo vidogo kama hivyo kule vinafungwa, kwa hivyo hiyo video ndiyo wanawaonyesha wafadhili, na wafadhili wameguswa wakaamua kuja kuchimba kisima cha mashine hapa kwetu, na bamba la chuma lenye jina langu, Naftaly Kihara, na chini yake maneno kwamba nilitoa maisha yangu. Wariara mwenyewe haji, anaogopa akitoka Amerika siku hizi hataruhusiwa kurudi, na anasema hata mambo madogo sasa yanafanya mwanafunzi mgeni anyang'anywe viza, sembuse insha ya uongo. Ananiomba wiki hiyo niende kwa ndugu yangu Mwaura huko Longonot, nikae ndani, nisionekane. Nikamuuliza, "Na nikikutana na mtu njiani?" Akasema, "Sema wewe ni uncle."

Nilienda kwa Nicodemus, mwenyekiti wa kamati yetu ya maji, nikidhani atakasirika pamoja nami, kumbe wageni walikuwa wameshamwandikia na alikuwa anajua yote. Aliniwekea mkono begani akasema, "Naftaly, wewe si ni Mkristo? Lazaro alikufa na akarudi. Tunakuomba wiki moja tu, mzee. Wamama wetu wanapanda hicho kilima na mitungi kila siku." Nikarudi nyumbani nikakuta mke wangu ametoa picha ya harusi yetu ukutani, amekunja sweta zangu mbili kwenye begi, na gambuti zangu, vile viatu vya matope, haziko mlangoni, ameziweka stoo. Nikamuuliza, "Hata wewe?" Akasema, "Ni mtoto wetu, Baba Wariara. Wewe utarudi. Yeye akifukuzwa atarudia wapi?" Tangu siku hiyo nalala nikiangalia pale picha ilikuwa, ukuta ni mweupe kuliko pengine.

Kwa hivyo nakuuliza, Mama Nanyama, nife kwa wiki moja mtoto asome na kijiji kinywe maji, ama nisimame langoni niseme mimi ndiye Naftaly Kihara na niharibu kila kitu? Jina hili nilipewa na babu yangu, nimelibeba bila doa, nimekuwa mzee wa kanisa nalo, na sasa mama yangu mwenyewe amelizika. Nisaidie, nimechoka.

Ni mimi, marehemu wa Subukia.

*

Baba Wariara,

Pole. Nakupa pole kwanza kwa sababu nitakugombeza sasa hivi, na sitaki useme sikukuhurumia. Mtu kuingia nyumbani kwake akute begi lake la kifo limefungwa na mke wake, hilo ni chungu, na kama ningekuwa karibu ningekuletea kiti ukae.

Wewe umetia sahihi kama marehemu, kwa hiyo majina yote nimeyabadilisha. Hata la yule aliyekufa kweli nimelibadilisha, kwa kuwa ruhusa ya kulitaja gazetini ni ya mjane wake, si yako wala si yangu. Hilo likae kichwani mwako tunapoendelea.

Longonot huendi. Fungua begi, rudisha sweta kabatini. Nicodemus mwambie kwamba Lazaro hakuombwa afe na kamati ya maji. Ninajua shida ya mtungi, nimelelewa kwenye mlima nikiwa nao mgongoni, na simdharau mwanamke hata mmoja anayetamani hicho kisima. Lakini mwenyekiti aliyesoma barua ya wageni, akajua ni uongo, akanyamaza, asijifiche nyuma ya akina mama. Kama anaamini maji hayo ni halali, awaandikie wageni yeye mwenyewe kwamba mtu huyo yuko hai na maji bado tunayahitaji.

Sasa nikugeukie wewe. Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Umenieleza besi unayoimba, malenge uliyobeba kichwani, jina ulilopewa na babu, picha ya harusi, gambuti. Uchungu wako wote ni wa jina lako. Kijana akakujia ukikata nepia juu ya shimo lililomuua babake, akakwambia, "Ni mimi niliita," kisha akaenda. Ulimjibu nini? Hukuniambia, na nadhani hukumjibu kitu. Ulikimbilia simu kumfokea binti yako kwa sababu amekuua wewe. Wewe hujafa, Baba Wariara! Aliyekufa ni Kibii, na binti yako amemnyang'anya kifo chake akakuvalisha wewe. Umeibiwa jina, ndiyo, lakini mwenzako ameibiwa baba mara ya pili, na safari hii kwa makofi. Na juu ya mahali alipokufa mtu akikufanyia kazi, ulipanda chakula cha ng'ombe. Huna hata jiwe pale. Kabla hujanililia bamba la chuma la uongo, niambie la kweli liko wapi.

Kuhusu Wariara, sitamwita mhalifu, na pia sitamwita mtoto. Ni mtu mzima aliyesimama jukwaani akalia machozi ya mtu mwingine. Ninajua alivyofikishwa pale. Huyo Travis ni dalali wa misiba, na watu wa aina yake siku hizi hawakosekani, wanawafundisha watoto waliolelewa vizuri waone haya kwa kulelewa vizuri. Na vyuo vya kule navyo haviponi mdomoni mwangu. Wanabishana miaka na miaka ni nani anastahili kuingia, kwa mtihani au bila mtihani, kwa rangi au bila rangi, wanapelekana mahakamani, wanasiasa wao wanapigia kelele wanafunzi wageni, na mwisho wa ubishi wote mzigo unatua kwenye karatasi ya mtoto wa Subukia, aeleze ameumia kiasi gani. Asiye na kidonda atakitafuta kwa jirani. Mwenye kidonda akikataa kukifunua, kama alivyokataa Kipkoech, anaambiwa asante, jaribu kwingine. Kipkoech aliandika ukweli kuhusu ndama na hakuna aliyempigia makofi. Hilo linanikera zaidi ya yote uliyoniandikia.

Lakini ng'ombe wa wizi akipata mnunuzi sokoni, bado ana mwenyewe. Ubaya wa mnunuzi haumsafishi aliyemswaga usiku. Mwambie Wariara hivyo, na umwambie kama baba. Ulishindwa kumkanya kwa sababu ana jina la mama yako. Nakuhakikishia mama yako, aliye kaburini kihalali, hangekubali litumiwe hivi.

Haya, sikiliza utakavyofanya, na usinirudie na "lakini".

Kwanza nenda kwa Mama Kipkoech, wewe na mke wako, mchana, watu wakiwaona. Usibebe sukari wala unga, maana hujaenda kununua kitu. Mwambie yote. Kisha mpigie Wariara simu iwekwe sauti ya juu, aseme kwa mdomo wake kwa huyo mama alichofanya. Mama huyo akilia, kaeni. Akiwafukuza, ondokeni, na mrudi siku nyingine. Asipotaka kusamehe, hiyo ni haki yake, na usimtumie mchungaji akamlegeze. Kipkoech akiwepo mjibu lile neno aliloliacha kwako penye nepia.

Pili, Wariara aungame chuoni mwenyewe kabla ndege ya wageni haijaruka. Asingoje afichuliwe. Kabla ya kuandika aonane na wakili anayejua mambo ya wahamiaji, au aulize ofisi inayoshughulikia wanafunzi wageni ni wapi atampata, ajue haki zake na hatari zake. Sitakupaka mafuta, Baba Wariara: anaweza kupoteza nafasi, na viza, na akarudi Subukia bila shahada na watu wamnyooshee vidole sokoni. Akirudi, mlango uwe wazi na chai iwe tayari. Mke wako aliuliza atarudia wapi. Atarudi kwa baba yake, aliye hai, na si kila mtoto wa hapo kwenu ana bahati hiyo.

Tatu, rudisha picha ya harusi ukutani leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili. Na ile nepia ing'oe. Muulize Mama Kipkoech angependa pakae nini, na akisema pakae wazi, pakae wazi.

Wageni wakiandikiwa ukweli na wasije, mtateka maji mtoni kama mlivyozoea, na kamati ikamsumbue mbunge badala ya kukusumbua wewe ufe. Wakija hata hivyo, wapokee langoni ukiwa na gambuti zako miguuni. Watakuwa na karatasi, na mmoja wao atasoma jina la Naftaly Kihara. Itika. Itika kwa hiyo sauti yako ya besi, wasikie wote hadi mtoni. Halafu, mjane akiwa ameruhusu, waombe wasome na jina la Kibii, kisha mnyamaze mkiwa mmesimama hapo, mngoje kidogo, kama alivyongoja yule mtoto na uji wake.